Meno mapya ya binti yangu yana michirizi ya kahawia. Nizidishe maziwa?

Mama Swafiya, Kisauni
Salaam aleikum. Binti yangu ana miaka minane. Meno ya utoto yalikuwa meupe kama tui. Haya mawili ya mbele yaliyoota mwaka jana yana madoa kama chokaa na mchirizi wa kahawia usiotoka kwa mswaki. Nilimzaa hapa Mombasa, akiwa na miezi sita tukahamia Nakuru, tukanywa maji ya kisima mpaka akatimiza miaka mitano. Mama mkwe yuwasema ni kukosa kalsiamu. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze kumpa maziwa kila jioni, sioni tofauti. Akicheka huziba mdomo.

Fundi wa meno bandia, Majengo
Wa aleikum salaam dada. Kalsiamu peke yake haijengi jino. Gamba la nje huanza likiwa utando laini wa protini, sehemu kubwa amelojenini, na ndiyo inayoyapanga madini. Kisha vimeng'enya, yaani protini za kuvunjavunja, huikatakata protini hiyo iondoke, madini yanenepe yajaze nafasi yake. Gamba lililokomaa ni madini takriban asilimia 96. Fikiria slabu: zege ikishika, mbao hung'olewa. Floraidi, aina ya madini, ikizidi kwenye maji, kama visima vingi vya Bonde la Ufa, protini huchelewa kuondoka na jino hubaki na vitundu vidogo sana. Ndiyo chokaa unayoiona. Ule ukahawia huingia baadaye, jino likishaota.

Gamba la meno ya mbele ya utoto lilikuwa limeshakamilika kabla hamjahama. Haya mapya yalijengwa ndani ya taya mkiwa Nakuru. Na seli za kujenga gamba hufa jino likichomoza, kwa hivyo maziwa hayana wa kumpelekea.

Mama Swafiya
Kumbe sikumnyima mwanangu! Nimelia hapa. Na taya lake je?

Fundi wa meno bandia
Hukumnyima hata kidogo. Mfupa wa taya haufukuzi protini yake: kolajeni hubaki humo, madini yakiwa yameishika, na hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Huko maziwa yana kazi. Mpe na samaki, maharagwe, na machungwa pia, maana bila vitamini C kolajeni huwa dhaifu.

Bi Zuhura, Likoni
Wangu alikuwa vivyo hivyo. Nilimsugua kwa mkaa na chumvi, ufizi ukatoka damu, mchirizi ukabaki palepale. Usithubutu. Daktari wa meno alimkwangua juu juu kwa dawa, palipobaki akafunika kwa resini, aina ya plastiki, ya rangi ya jino. Siku ile alijitazama kwenye kioo cha tuktuk mpaka tukafika feri.