Vifaa vya kwanza vya kupiga mbizi: seti nzima ya mtumba, seti mpya, au kimoja kimoja?

Mwana_Kigamboni
Habari zenu wakuu. Nilimaliza kozi ya Open Water, ile ya kwanza ya kupiga mbizi, mwezi uliopita kule Nungwi, cheti kinaniruhusu hadi mita 18, na tangu hapo sina wazo jingine. Nimeweka akiba ya milioni mbili na nusu kwa ajili ya vifaa na nimekwama kwenye njia tatu. Kuna mwalimu mmoja wa kigeni anarudi kwao, anauza seti yake yote kwa 1,600,000: BCD (lile koti la kujaza hewa ili uelee), regileta (ya kuvutia hewa kutoka kwenye mtungi), kompyuta ya mbizi (inayohesabu kina na muda chini ya maji), mapezi na suti yenye unene wa milimita 5. Njia ya pili ni kuagiza seti mpya ya bei ya chini, ambayo kwa hesabu yangu inafika dola 1,000 hadi 1,200 kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo itabidi nisubiri na kuongeza. Ya tatu ni kununua vidogo vidogo na kuendelea kutumia vya kituo kwa vile vikubwa.

Nitakuwa napiga mbizi wikiendi mbili kwa mwezi, Mbudya na Unguja, na nikijaliwa Mafia mwakani. Kwenye kozi maski niliyoazimwa ilivuja mbizi zote nne, na BCD ilikuwa ya mwanaume mrefu: kila nikiijaza hewa inapanda hadi masikioni. Sitaki kurudia hayo. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini?

Bahari_Nungwi
Karibu baharini dada, na hongera kwa cheti. Mimi ni kiongozi wa mbizi huku, nashuka na wageni karibu kila siku.

Shilingi yako ya kwanza iende kwenye maski, na usiagize kwa kuona picha. Nenda dukani, rudisha nywele nyuma, iegemeze usoni bila kuvaa mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikibaki usoni yenyewe, hiyo ni yako. Ukisikia upepo unapenya pembeni ya mashavu, iache hata kama ni ya laki tatu. Ukifika nayo nyumbani, paka dawa ya meno nyeupe ndani ya kioo, sugua kwa kidole, suuza, rudia mara tatu nne. Kioo kipya kinatoka kiwandani na utando, na usipoutoa utakuwa na ukungu mbizi nzima.

Pili, kompyuta. Hapa nakuomba unisikilize sana. Mgeni akiniambia "nitafuata ya kwako", namkatalia. Tukiwa Mnemba mimi naweza kuwa mita 12 nikitazama kundi zima, yeye yuko mita 16 anamwangalia kasa. Naitrojeni, ile gesi ya kwenye hewa tunayovuta, iliyoingia mwilini mwake si sawa na yangu. Na mbizi ya pili ya siku inabeba mabaki ya ile ya kwanza, ambayo pengine aliipiga na kiongozi mwingine. Suunto Zoop, Cressi Leonardo, Mares Puck, yoyote kati ya hizo inakutosha, na zinahesabu naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) pia siku ukifika huko. Hakikisha betri unaweza kuibadilisha mwenyewe.

Regileta na BCD vya kituo chenye kujiheshimu vinaweza kukutosha mwaka mzima. Na kabla hujalipa, waulize tofauti ya bei ukija na vyako. Vituo vingi huku vifaa vimo ndani ya bei ya mbizi, punguzo ni dogo.

Mkonge77
Naheshimu maneno ya Bahari_Nungwi lakini mimi nilichukua seti nzima ya mtumba kwa mpigo na sijajuta. Sababu yangu si pesa. Ukitumia vya kituo, leo kitufe cha kutoa hewa kiko hapa, wiki ijayo kiko pale, oktopasi, kile kinywa cha akiba cha regileta, mara kulia mara kifuani. Mtu mwenye mbizi tano bado hajatulia chini, anahitaji mkono wake ujue pa kwenda bila kutafuta. Nilipoanza kutumia BCD yangu mwenyewe, ndani ya mbizi tatu nilipunguza kilo mbili za risasi, yale madini mazito ya kuzamishia, kiunoni na hewa ikaanza kunidumu. Kama ile ya mwalimu inakutosha mwilini, ichukue.

Fundi_Likoni
Natengeneza regileta hapa Mombasa. Mkonge77 ana hoja, ila mtumba haununuliwi kwa kutazama ung'aavu. Dada, kaikague hivi.

Kabla haijafungwa kwenye mtungi, ziba kifuniko cha vumbi vizuri, weka kinywani na uvute kwa nguvu. Isikupe hewa hata kidogo. Ikikupa, kuna mahali panapitisha. Kisha fungua kifuniko, mulika tochi pale hewa inapoingilia: kuna kichujio kidogo cha chuma, duara kama kifungo cha shati. Kiwe cheupe kinachong'aa. Kikiwa cha kijani, maji ya chumvi yaliingia ndani. Cha kahawia ni kutu ya mtungi wa chuma, cheusi ni uchafu wa kompresa. Kunja mipira ya kupitishia hewa taratibu karibu na maungio yake, ndipo inapoanza kupasuka. Mshale wa geji ukae kwenye sifuri kabisa wakati haina hewa.

BCD ijaze mpaka ikaze, iache usiku kucha. Asubuhi iwe bado imekaza. Itikise karibu na sikio. Ukisikia mchakacho kama mchanga, chumvi imeganda ndani, na hiyo chumvi hukata mfuko polepole.

Jambo kubwa kuliko yote: nani atakufanyia huduma? Regileta huhitaji kufunguliwa kila mwaka au miwili kama kiwanda kinavyoagiza, oringi (vipira vya duara) na viti vya valvu vinabadilishwa. Mteja mmoja aliniletea regileta nzuri sana ya mtumba, kiwanda kilikuwa kimeacha kutoa vipuri vyake. Nilimrudishia ikiwa imeng'aa na haina kazi. Kwa hiyo uliza kwanza fundi wa karibu nawe ana vipuri vya chapa gani, ndipo uchague chapa. Bei ya huduma ijumlishe kwenye ile 1,600,000.

Kuhusu kifungio cha regileta kwenye mtungi, usijitese: mitungi mingi ya pwani yetu inapokea yoki, ile ya kubana kwa juu. Ukiwa na mpango wa kwenda Ulaya, chukua DIN ya kuzungusha pamoja na adapta yake.

Mwana_Kigamboni
Nashukuru sana. Na suti je? Milimita 5 si nyingi kwa bahari yetu?

Maskati_Mbizi
Inategemea unavyopata baridi. Nilikulia Unguja, milimita 3 inanitosha wakati wa kaskazi, maji yana nyuzi 28 au 29. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, mbizi ya pili meno yanagongana, hapo 5 si nyingi. Huku Oman kwenye visiwa vya Daymaniyat unaweza kushuka kwenye maji ya moto katikati ya kiangazi, ghafla ukakutana na tabaka la baridi, ndiyo maana mimi navaa 5 mwaka mzima. Suti nene inaelea zaidi, utaongeza risasi.

Chake_Misali
Mmesahau boya la ishara na filimbi. Huku Pemba mkondo unaweza kukutoa kwenye mwamba ukaibukia mbali, na kichwa cha mtu kati ya mawimbi hakionekani na nahodha. Boya la rangi ya chungwa la mita moja na nusu linaonekana. Ni bei ndogo kuliko mapezi. Jifunze kulirusha ukiwa na mwalimu, ule uzi ukikunasa unakupandisha nao.

Mapezi chukua ya kisigino wazi, na viatu vyake. Maji yakitoka utatembea juu ya mawe mpaka kwenye boti.

Mwana_Kigamboni
Nimerudi na majibu. Jumamosi nilikwenda na tochi. Regileta ilinipa hewa kidogo ikiwa imezibwa, na kichujio kilikuwa cha kijani kabisa. Nilimwonyesha mwenyewe, akasema kweli haijafunguliwa miaka mitatu. BCD ni nzima lakini inanivuka mabega. Tumeelewana suti na mapezi yenye viatu kwa 280,000, vyote vinanikaa. Nimeagiza Leonardo mpya na boya. Iliyobaki inakaa benki mpaka nijue fundi wa Dar ana vipuri vya nani.

Maski nilijaribu tano. Ya tano nilipoachia mikono ilibaki usoni, mhudumu akabaki ananitazama.

Bahari_Nungwi
Dawa ya meno leo leo, dada. Usingoje kufika kwenye boti.