Ngumbaru ya kina mama na usafi: somo gani lianze?

ChakiNaUbao
Hamjambo. Darasa la ngumbaru, kijiji cha kando ya Sabaki, Malindi. Kina mama wanakieleza kipindupindu vizuri kabisa, lakini penye choo hakuna maji wala sabuni. Elimu inabadilisha tabia kweli, au chaki inaisha bure?

MamaKlorini
Mwalimu, vijidudu wamevisikia vya kutosha. Fundisha kusoma kibandiko cha chupa ya klorini. Nyingi huandikwa kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20, viwili maji yakiwa na tope, kisha kungoja dakika 30. Lakini nguvu ya dawa hutofautiana, kwa hivyo kila mmoja asome chupa yake. Asiyesoma hukisia: akipunguza, watoto wanaharisha, akizidisha, maji yananuka, yanamwagwa, na dawa inasingiziwa.

Masika Sabaki ni tope tupu, na tope huila klorini kabla haijaua chochote. Maji yatuame usiku kucha, yamiminwe polepole, yachujwe kwa leso kuukuu iliyokunjwa mara nne, ndipo yatiwe dawa. Na kata isichovywe mtungini, mimina.

FundiWaMsalani
Kuhusu kunawa mikono: mtungi wa plastiki wa lita 5, tundu la msumari uliopashwa moto, sentimita 12 hivi chini ya kifuniko, upande usio na mshikio. Upitishe kijiti kwenye mshikio, uutundike juu ya miti miwili yenye panda, kamba ifungwe shingoni ishuke hadi kijiti cha kukanyaga, ili ukikanyaga mtungi uiname maji yatoke. Tundu likiwa chini mno, maji huvuja mchana kutwa. Kifuniko kikikazwa sana, hayatoki. Ardhini chini yake weka kokoto.

Kipande cha sabuni kitaibwa au kuliwa na panya. Gramu 30 za sabuni ya unga ndani ya chupa ya maji ya lita 1.5, toboa kifuniko. Hiyo haiibwi.

ChakiNaUbao
Ahsanteni. Na choo chenyewe? Wengi wanasema mume hajatoa pesa.

FundiWaMsalani
Basi kwa hilo waite waume barazani, usiwalaumu wake zao darasani. Waambie gharama iko kwenye kuta za shimo: mchanga usiojengewa huporomoka mvua ya kwanza, na aliyepoteza shimo moja hachimbi la pili. Mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kibaki mita 2 juu ya maji ya ardhini. Maji yakiwa karibu, usichimbe zaidi. Inua choo juu ya msingi wa mawe.

MamaKlorini
Kinyesi cha mtoto mchanga nacho kiingie humohumo chooni. Wengi bado wanadhani hakina madhara.