Kamati ya maafa ya kijiji: je, nusu ya viti iwe ya wanawake?

Mleta mada: Katika mkutano wa kijiji chetu huku Rufiji lilitolewa pendekezo kwamba nusu ya wajumbe wa kamati ya maafa wawe wanawake, na mzee mmoja akalipinga akisema kuwa mafuriko hayachagui mke wala mume. Kwa heshima zote, sikubaliani naye. Kimbunga kilichoipiga Bangladesh mwezi Aprili 1991 kiliua watu wapatao 140,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wengi walibaki nyumbani na watoto wakimsubiri mume arudi ndipo watoke, na kwamba majengo ya kukimbilia hayakuwa na sehemu ya faragha kwa wanawake. Kwetu, mafuriko ya Aprili 2024 yalipokaribia, mwenyekiti aliwapigia simu wenyeviti wa vitongoji, wote wanaume, nao wakatangaza msikitini na kwenye kijiwe cha kahawa. Jirani yangu, mama mmoja, alikuwa shambani juu ya dungu, akiamia ndege, na habari aliipata alipoyaona maji yakiingia kwenye mpunga.

Mchangiaji: Ndugu mleta mada, nchini Marekani wengi wanaokufa kwenye mafuriko ni wanaume, hasa kwa kulazimisha kupitisha gari kwenye barabara iliyofunikwa na maji. Hata kwetu, anayetumwa kuvuka korongo usiku kutafuta ng'ombe ni nani? Tena tatizo ulilolisimulia ni la tangazo, lakini dawa unayoitaka ni viti. Mjumbe mwanamke anayeitwa kikaoni saa ya kupika atasaini mahudhurio na kuondoka.

Mleta mada: Saa ya kikao nakubali, na ibadilishwe. Hilo la wanaume pia ni kweli, na kamati inapaswa kuwazuia vijana kuvuka kama inavyopaswa kumfikia mama aliye shambani. Lakini tangazo hupita njia anayoijua mtangazaji. Bangladesh ina mpango wa watu wa kujitolea wa kutoa tahadhari tangu 1972, na siku hizi nusu yao ni wanawake, ambao huingia hadi uani, mahali ambapo mwanamume mgeni hangepita. Sasa nawauliza mlio na wajumbe wanawake tayari: mto ukianza kupanda, nao hupigiwa simu, au huitwa baadaye kupika uji kambini?