Mjadala: KIEMS, kifaa cha tume ya uchaguzi cha kutambua wapiga kura, ikigoma, afisa wa kituo afungue sajili ya wapiga kura ya karatasi papo hapo?

Mleta mada
Kituo cha kupigia kura Kenya hufunguliwa saa 12 asubuhi, hufungwa saa 11 jioni. Ni dakika 660. Kituo kimoja huwekewa wapiga kura wasiozidi 700. Wakija wote, kila mmoja ana chini ya dakika moja mbele ya kifaa cha kuwatambua. Kifaa kikizima kwa saa mbili, watu zaidi ya 120 wamerundikana nyuma, na wa kwanza kuondoka ni wazee na wenye watoto mgongoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamuru sajili iliyochapishwa iwepo, Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha amri hiyo, na siku ya uchaguzi, tarehe 9 Agosti, baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni vikakaa vikingoja tume iruhusu karatasi. Nasema afisa msimamizi apewe uwezo wa kuifungua sajili hiyo mwenyewe.

Wakala wa chama
Napinga. Kwanza, ndugu, tutenganishe mambo mawili: kidole kukataliwa si sawa na kifaa kufa. Kidole kikikataliwa, karani anapangusa kioo, mpiga kura anafuta mikono, anajaribu kidole kingine. Mchuma chai, mwashi wa saruji, bibi wa miaka themanini: hao mistari ya vidole imelika, na si kosa lao wala la mtambo. Ikishindikana, namba ya kitambulisho inaingizwa, picha inatokea, mawakala wanaitwa kushuhudia, Fomu 32A, ya aliyetambuliwa bila kidole, inajazwa, anapiga kura. Mtambo bado unahesabu.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoilinda. Jioni idadi ya waliotambuliwa inawekwa kando ya idadi ya karatasi zilizotoka sandukuni, na zisipolingana tunauliza hapo hapo. Sajili ya karatasi inategemea rula na kalamu. Jina la asiyekuja linaweza kupigwa mstari saa 10 jioni, mawakala wawili wakiwa nje wanakula.

Mleta mada
Basi mawakala waende kula kwa zamu. Huwezi kumnyima mtu kura kwa sababu wakala ana njaa. Na wino wa kidoleni je? Asiyekuja hana kidole cha kuchovya.

Wakala wa chama
Wino unamzuia aliyekuja kurudi mara ya pili. Haumzuii karani mbovu kutumbukiza karatasi sita za mtu aliye Nairobi.

Afisa msimamizi mstaafu
Someni uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013 kabla ya kubishana. Vifaa vya kutambua vilifeli vituo vingi nchini: betri ziliisha madarasani pasipo umeme, kwingine nywila hazikukubali. Karatasi ndiyo iliyobeba uchaguzi, na lawama zake zikafika Mahakama ya Juu. Kwa hiyo kila mmoja wenu ameshika nusu ya ukweli.

Lakini muda mwingi haupotei kwenye kidole. Unapotea kwa mtu aliyepanga foleni ya kituo kisicho chake. Shule moja inaweza kuwa na vituo vitano, majina yamegawanywa kwa alfabeti. Wafula anasimama kwa saa mbili mlango wa Achieng, anafika mezani anaambiwa aanze upya. Karani mmoja langoni, mwenye orodha ya mgawanyo, anayeangalia kitambulisho kabla mtu hajapanga foleni, anaokoa muda kuliko kifaa cha pili. Halafu kuna karatasi sita, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wa wadi, kila moja ya kupigwa muhuri na kila moja na sanduku lake kwa rangi. Asiyeelezwa mapema anasimama katikati ya chumba akilinganisha rangi za vifuniko, na walio nyuma wanasimama naye.

Wakili
Sheria ya Uchaguzi, kifungu cha 44A, inataka utaratibu mbadala uwepo teknolojia ikishindwa. Kwa hiyo hatubishanii kama karatasi ni halali. Tunabishania saa. Pendekezo langu ni dakika 30. Kifaa kikizima, afisa anaandika saa kwenye kitabu cha matukio na mawakala wanatia sahihi. Kifaa cha akiba kisipofika ndani ya muda huo, sajili inafunguliwa mbele yao, na muda uliopotea unaongezwa jioni. Aliyekuwa foleni saa 11 anapiga kura hata hivyo.

Wakala wa chama
Dakika 30 nazikubali kwa sharti moja: kila jina linalopigwa mstari kwenye karatasi liwe na Fomu 32A yake. Fomu zihesabiwe kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa, idadi yake isomwe kwa sauti, mawakala waiandike.

Mleta mada
Sharti hilo nalikubali. Ila fomu moja huchukua dakika tatu kuijaza vizuri. Watu 200 ni saa kumi. Nani ataongezwa kwenye meza hiyo?