Naomba ushauri: kuvua na kulala Ziwa Kenyatta, Mpeketoni

Mtu wa Langoni: Ndugu zangu, salamu. Niko Lamu mjini. Jumamosi nakwenda kuvua kwa mshipi Ziwa Kenyatta na kulala huko. Bahari nimeizoea, maji baridi siyajui. Nitumie chambo gani, na ndoana kubwa au ndogo? Nina wasiwasi, hata usingizi siupati. Naombeni majibu leo.

Ami Kombo: Yakhe, tilapia mtilie minyoo kwenye ndoana ndogo. Kambare mpe utumbo wa kuku, chambo kikae chini kabisa, jua likianza kuchwa. Mimi nimekulia Garsen. Kiangazi tulikuwa tukichimba samaki aitwaye kamongo kwenye tope lililokauka. Hujizika humo akipumua hewa miezi na miezi mpaka mvua inyeshe. Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa akigonga ardhi kwa mpini wa jembe huku ametega sikio. Na ana meno yule, ukizubaa kidole huna!

Binti Pate: Kaka, ndoana haimnyimi mtu usingizi. Unakwenda na nani?

Mtu wa Langoni: Na watoto.

Binti Pate: Wa nani? Wangapi?

Mtu wa Langoni: 12, wa mtaani, na wangu yumo. Wazazi washalipa. Boti ya Mokowe, matatu na mahema nishatoa arubuni. Tutapiga hema ukingoni pa maji ili waone viboko wakitoka. Naambiwa kiboko hali watu. Na hawa watoto wa Lamu, kuogelea wanajua.

Nesi wa Hindi: Hali watu, lakini anaua. Usiku hutoka kwenda kula nyasi, na hurudi kwa njia yake ileile. Akimkuta mtu baina yake na maji, anampitia juu. Hema lenu ndipo litakapokuwa. Na kuogelea wakataze kabisa: penye konokono wa kichocho, mtoto si lazima ayanywe maji, vijidudu hupenya ngozini.

Mama Maulidi: Wazazi nao! Unampa mtu mwanao bila kuuliza atalala wapi? Zamani hata kwenda Matondoni ulikuwa huendi bila kuaga.

Kijana wa Malindi: Waleteni kwetu, muwapeleke Marafa wakaone korongo la Nyari, kisha mlango wa Sabaki kutazama ndege.

Mchana Kweupe: Wadau, mnapoteza bando. Ziwa hilo lilikauka ukame wa 2017, viboko wakafia topeni. Hiyo safari ni ya kutungwa.

Ami Kombo: Hata mimi nilianza kushuku. Mvuvi gani wa Lamu asiyejua ndoana?

Mkaazi Mpeketoni: Nakaa hapa. Lilikauka kweli, mvua zikarudi na maji yakarudi. Iwe kweli au uongo, kesho mwingine atausoma uzi huu na kubeba watoto wake. Bwana, laleni mjini. Jua likipanda mje ziwani, mpitie kwa BMU, kikundi cha wavuvi wanaosimamia ufuo, mpewe wavuvi wa kuwaongoza. Na KWS, shirika la wanyamapori, waarifu kabla.

Mtu wa Langoni: Sijatunga. Lakini watoto nishawaahidi kulala kwenye hema, na arubuni hairudishwi.

Binti Pate: Isirudi. Wazazi umewaambia habari ya viboko?

Mtu wa Langoni: Bado. Mkaazi, vyumba vya watoto 12 hapo mjini ni pesa ngapi?