Njiwa wa damu ya mzee kwenye sinia: wa porini au manga?

Mlishaji: Wadau, kwenye sinia la mtama wanatua njiwa wawili, mgongo damu ya mzee, vidoa vyeupe mbawani. Wanachangamana na njiwa manga. Ni wa porini kweli? Na niwape nini wazoee?

Bawa_Refu: Rangi ya mwili isikubabaishe, manga hutoka kila rangi, hata hudhurungi. Anza na uso. Njiwa madoa (Columba guinea) ana ngozi tupu nyekundu kuzunguka jicho. Manga hana. Kisha bawa: madoa meupe yaliyotapakaa ni ya njiwa madoa, mistari miwili myeusi ni ya manga. Miguu achana nayo, wote wana myekundu. Wakiruka, tazama juu ya mkia: manga mara nyingi ni mweupe pe, njiwa madoa ni kijivu.

Ninga: Ukiona mdomo, miguu na ngozi ya jicho vyote manjano, huyo ni njiwa mwingine, Columba arquatrix, wa misitu ya milimani. Mtama usimsumbukie, anafuata matunda mtini.

Punje: Njiwa ni mzito, vilisho vya bomba vya kuning'inia havimfai. Weka ubao bapa, kama sentimita 40 kwa 60, wenye vitundu vya kutoa maji. Mtama, uwele, mahindi yaliyoparazwa. Viganja viwili asubuhi, basi. Chakula kikibaki, manga hujaa mchana na panya usiku. Mahindi yenye ukungu mwaga, usiyaanike upya. Beseni la maji liwe na kina cha sentimita 3 hivi, maana njiwa huzamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa.

Hapo kwenye maji ndipo watu wanapoua ndege bila kujua. Kimelea Trichomonas gallinae hukaa kooni na huenea kwa maji na punje zilizotemwa. Ukiona njiwa amejivimbisha manyoya, anameza kwa shida, ana utando wa manjano kinywani, ondoa kila kitu kwa wiki mbili au zaidi ili watawanyike. Osha kwa jiki sehemu 1, maji 9, suuza, anika hadi pakauke kabisa. Kimelea hiki hakivumilii ukavu.

Mlishaji: Mmoja hana wekundu machoni, ila madoa anayo.

Bawa_Refu: Pengine kinda. Ngozi yake huwa bado ya hudhurungi. Amini madoa.