Skatingi ya kudumu kwa nyumba ya pwani: mbao, plastiki au tailizi?

Mama Chumbageni

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu skatingi, yaani ukanda unaozunguka chini ya ukuta pale unapokutana na sakafu, kwa wenye uzoefu wa ujenzi katika maeneo ya joto na unyevu mwingi.

Nyumba yangu ipo Tanga, si mbali na bahari. Imejengwa kwa matofali ya saruji ya inchi sita, sakafu ni tailizi za sentimita 60 kwa 60, na kuta zimepigwa skimu ya jipsamu (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) kisha zikapakwa rangi. Miaka miwili iliyopita niliweka skatingi za MDF nyeupe (mbao za kutengenezwa kiwandani), ambazo muuzaji alinihakikishia kwamba hazina shida na unyevu. Masika ya kwanza zilianza kuvimba upande wa chini, na masika ya pili zikafumuka kama mkate uliochovywa kwenye chai, rangi ikabanduka na misumari ikatoa kutu.

Sasa nataka kuziondoa zote, lakini kila mtu ana lake. Fundi aliyekuja kutazama anasema nibandike za plastiki palepale na mambo yatakwisha. Jirani yangu anapendekeza vipande vya tailizi. Mume wangu hataki kusikia kingine zaidi ya mbao ya mninga, kwa kuwa nyumba aliyokulia ilikuwa nayo na haikuharibika. Ipi itadumu? Niongeze kwamba uharibifu mkubwa uko katika chumba cha kulala kinachopakana na bustani na katika korido iliyo jirani na bafu. Sebuleni, skatingi za aina ileile, zilizowekwa siku ileile, bado zipo vizuri.

Fundi wa Kigamboni

Dada, sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe katika sentensi yako ya mwisho. Ingekuwa ni unyevu wa hewa peke yake, sebule nayo ingeharibika, kwa sababu hewa ya Tanga haichagui chumba. Skatingi za aina moja zikiharibika pande mbili na kupona upande wa tatu, ujue kwamba pande hizo mbili zinapata maji kutoka mahali fulani, na kabla hujajua ni wapi usinunue kitu chochote.

Maji hufika kwenye skatingi kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya juu: deki ya kila siku, hasa pale dada wa kazi anapomwaga ndoo nzima na kuyasukuma maji kwa fagio hadi ukutani. Ya pili ni bomba linalovuja ndani ya ukuta au sakafu ya bafu isiyozibwa vizuri, na kwa korido yako hapo ndipo ningeanzia. Ya tatu ni unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia msingi, ambao tofali la saruji huuvuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Unyevu huo huzuiwa na DPC, yaani tabaka la kuzuia maji linalolazwa juu ya msingi kabla ya kuanza kupandisha ukuta. Kuna mafundi wanaoliruka ili kuokoa fedha ya mteja au, tuseme ukweli, fedha yao. Lakini hata likiwepo, kazi yake huharibika mara udongo wa nje, pevingi au tuta la maua linapopandishwa hadi likaufunika mstari wake, kwa sababu maji huuzunguka kwa nje na kuingia ukutani juu yake. DPC inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Nenda ukapime upande wa bustani.

Fanya pia jaribio hili, ambalo halina gharama. Ondoa skatingi mbovu, kwangua rangi kidogo, kisha bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45 ukutani, ukizibe pande zote nne kwa gundi ya utepe, na ukiache mchana na usiku mzima. Ukikuta matone upande wa ndani, unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje tu, hiyo ni hewa ya chumba, na mara nyingi utaona hivyo kwenye chumba chenye kiyoyozi.

Kuhusu MDF, muuzaji hakukutendea haki. Ile ya kawaida ni nyuzi laini za mbao zilizogandishwa kwa gundi isiyopenda maji, na ikishavimba hairudi hata ukiikausha. Ipo aina iliyoongezewa kinga, ambayo mara nyingi huwa ya kijani ndani, nayo huvumilia hewa yenye unyevu, lakini haivumilii kulowa.

Ukishatibu chanzo, ushauri wangu ni tailizi, na si tailizi yoyote. Chukua poseleni ya sakafuni, ambayo unyonyaji wake wa maji hauzidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Zile nyepesi za ukutani za jikoni huweza kuzidi asilimia 10. Ukiipasua ya 60 kwa 60 mara tano utapata vipande sita vya sentimita 9.7 au karibu na hapo, kwa sababu kila mpasuo wa diski hula milimita mbili au tatu. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzingo wa mita 15. Ukitoa mlango zinabaki kama 14, ambazo ni vipande 24, yaani tailizi nne, na boksi la saizi hiyo kwa kawaida lina nne. Nunua moja ya ziada kwa ajili ya kuvunjika. Tatizo ni kwamba katika vipande hivyo sita ni viwili tu vyenye ukingo wa kiwandani, na vingine vyote vina ukingo mkali uliopasuliwa pande zote mbili. Mwambie fundi ausage ukingo wa juu kwa pedi ya almasi na aulinganishe na plasta; asiuache umetokeza kama kibao, maana vumbi litakaa hapo na mtoto atajikata mguu.

Seremala wa Muheza

Nakubaliana na fundi kuhusu chanzo cha maji, ila nisingependa shemeji yetu akataliwe mninga wake bila kusikilizwa. Mbao zina sifa mbaya siku hizi kwa sababu watu huuziwa zisizokauka, na mara nyingi huuziwa sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe, ambayo mchwa huila hata iwe ya mti gani. Uimara wa mninga, mvule, mkongo au msaji uko katika kiini chake chenye rangi. Msaji unaovunwa huku kwetu Longuza ni mzuri sana kwa pwani kwa sababu haunywei wala hautanuki kwa kiasi kikubwa, lakini wa miti michanga huwa na weupe mwingi, kwa hiyo chagua ubao mmoja mmoja kwa macho yako. Msonobari wa Mufindi ni rahisi kwa bei, lakini bila kutiwa dawa kwa mashine ya mgandamizo ni chakula cha mchwa.

Katika hewa ya pwani, mbao iliyotulia hubaki na unyevu wa asilimia 15 hivi, na hiyo ndiyo hali unayoitaka siku ya kuipigilia. Usitoe mbao kwenye lori na kuzipiga ukutani siku hiyohiyo. Zipange ndani ya chumba zitakamokaa, ukiweka vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, na uziache wiki mbili au tatu. Kisha paka vanishi pande zote nne na ncha mbili kabla ya kufunga. Mafundi wengi hupaka uso unaoonekana tu, na hapo ndipo ubao hujikunja, kwa sababu mgongo unakunywa unyevu huku uso umezibwa. Ncha zipakwe mara mbili, maana ndizo zinazokunywa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Usiikalishe skatingi juu ya tailizi moja kwa moja. Iinue milimita tatu, kisha uzibe nafasi hiyo kwa silikoni. Tumia skrubu za shaba au za chuma cha pua pamoja na plagi za plastiki, kwa sababu msumari wa kawaida karibu na bahari hushika kutu na kuacha michirizi myeusi kwenye mbao. Kwenye kona za ndani msikate digrii 45 pande zote mbili, kwani msimu wa kaskazi ukifika kona hiyo itafunguka. Ubao mmoja uende hadi ukutani, na wa pili uchongwe kufuata umbo la mwenzake.

Pamoja na hayo yote, katika korido ya bafu hata mimi seremala siwezi kuweka mbao.

Mkazi wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Mimi niliweka za PVC, yaani hizo za plastiki, nyumba nzima miaka sita iliyopita, na ninaweza kusema kwamba hazijaoza, hazijavimba, na zinafutwa kwa kitambaa tu. Kwa anayetaka kazi ya siku moja bila vumbi la kupasua, si chaguo la kudharauliwa.

Hata hivyo kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyeniambia. Kwanza, plastiki hutanuka kwa joto kuliko mbao na tailizi. Kipande cha mita tatu kikipata joto la ziada la nyuzi 15 hurefuka milimita mbili hadi tatu, na vya kwangu vilivyo karibu na mlango wa kioo unaotazama magharibi vilibananishwa kona hadi kona, kwa hiyo vilibinuka katikati na kubanduka ukutani. Nililazimika kuvipunguza na kuacha nafasi nyuma ya kofia za kona. Pili, zile zenye uwazi mgongoni ni nyumba ya mende, na mbaya zaidi, mchwa hawaili plastiki lakini huitumia kama njia yao ya siri. Mimi niliwagundua walipokwisha kufika kwenye fremu ya mlango. Ukichagua PVC, chukua iliyojaa, si yenye uwazi, na uzibe kingo zake zote.

Usichanganye PVC na zile nyepesi za fomu (plastiki laini iliyojaa hewa) zinazouzwa pamoja na urembo wa dari. Hizo hubonyea kwa ufagio, na gundi yenye petroli huziyeyusha mbele ya macho yako.

Fundi wa Kigamboni

Ndugu wa Nyali amesema kweli, na hiyo ndiyo sababu sikubaliani na fundi aliyemshauri dada abandike plastiki palepale. Ukuta wenye maji ukiufunika kwa kitu kisichopitisha hewa, maji hayaishi. Hupanda juu yake, na baada ya miezi kadhaa utaona rangi ikichubuka sentimita 30 au 40 kutoka sakafuni. Hata tailizi niliyoipendekeza itafanya hivyo.

Mpangaji wa Shangani

Hayo ya mwisho tunayaona kila siku huku Unguja katika nyumba za Mji Mkongwe. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo tangu asili hunywa maji na kuyatoa kwa hewa. Watu wakazipiga plasta ya saruji na skatingi ya tailizi ili kuficha madoa, na madoa yakahamia juu ya tailizi, tena na chumvi. Kwa nyumba za aina hiyo, plasta ya chokaa isiyo na skatingi kabisa, ikipakwa chokaa upya kila mwaka, hushinda vyote vilivyotajwa hapa. Kwa nyumba ya dada, ya matofali ya saruji, naona hesabu ni tofauti, lakini aangalie kama kuna unga mweupe ukutani. Kama mchanga uliotumika ulitoka ufukweni, chumvi iliyomo itaendelea kuvuta unyevu wa hewa hata msingi ukiwa mkavu.

Mama Chumbageni

Nawashukuru sana nyote. Nimefanya jaribio la nailoni kwa siku mbili. Sebuleni pakavu. Koridoni palikuwa na matone kwa ndani. Fundi bomba alipofungua aliona kiungo cha bomba la bafu kinadondosha taratibu nyuma ya ukuta. Chumbani matone yalikuwa mengi zaidi, na nilipopima kwa nje nimeona aibu: tuta la maua, nililolipandisha mimi mwenyewe mwaka tulioweka hizo skatingi, liko juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Unga mweupe pia upo, kwa urefu wa kama goti.

Tumekubaliana na mume wangu kwamba chumbani na koridoni itakuwa poseleni, na sebuleni atapata mninga wake. Swali langu la mwisho ni hili: nikishaliondoa tuta, nisubiri muda gani kabla ya kuweka tailizi?

Fundi wa Kigamboni

Usione aibu, matuta ya maua ninayakuta kila mwezi. Shusha udongo hadi ubaki sentimita 15 chini ya DPC, na uweke kokoto badala ya mimea katika sentimita 50 za kwanza kutoka ukutani. Ndani, bomoa plasta hadi nusu mita juu ya ule unga mweupe, usugue tofali kwa brashi kavu bila kulimwagia maji, kisha uliache wazi. Kanuni ya zamani ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, lakini ukuta wako unakauka pande zote mbili, kwa hiyo tuseme miezi mitatu, na iwe ya kipupwe au ya kaskazi, si ya masika. Rudia nailoni. Ikitoka kavu, piga plasta kwa mchanga wa mtoni, na sehemu ya chini usirudishe jipsamu, kwa sababu hulainika ikipata maji. Tumia skimu ya saruji nyeupe. Ikiwa bado inatoa matone, usiweke tailizi, uniandikie tena hapa.